Kama Lettow hakushindwa na Smuts hakumshinda, nani alishinda mwaka 1916?

*“Salaam Mwalimu. Mimi ni mstaafu, mwenyeji wa Same. Babu yangu mzaa baba na mdogo wake walichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza Jenerali Smuts alipopita kwetu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Babu alirudi. Mdogo wake hakurudi, na wazee husema alifia Mahiwa kwenye mashambulizi hayohayo ya Smuts. Naandika kitabu kidogo cha ukoo, na sura moja nataka ieleze mashambulizi yale na matokeo yake. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa Waingereza walishinda wakatwaa nchi. Leo wajukuu wananionyesha kwenye simu kwamba von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakushindwa hata mara moja. Nikiandika lipi nitakuwa nimesema kweli? Na mtu asiye na shahada ya historia aanzie wapi?”*

Shikamoo mzee wangu. Naona kinachokusumbua si uvivu wa kusoma. Unaogopa kuandika neno kwenye kitabu chenye majina ya wazee wako, kisha mjukuu akalipindua kwa kubonyeza simu. Basi nikutoe hofu kwanza: mwalimu wako wa shule na simu ya mjukuu hawapingani kama unavyodhani. Mmoja anajibu swali la nani alibaki na nchi. Mwingine anajibu swali la kama jeshi fulani lilivunjwa. Tatizo linaanza pale watu wawili wanapotumia neno moja, “kushinda”, kwa mambo mawili, kila mmoja akaona mwenzake mwongo.

Kabla ya hapo, kuna jambo moja la kurekebisha. Mahiwa si mashambulizi ya Smuts. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao katika Mkoa wa Lindi wa leo, yalipiganwa kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Smuts alikuwa ameshaondoka tangu Januari mwaka huo kwenda London, na jeshi lilikuwa chini ya jenerali mwingine, van Deventer. Kama mdogo wa babu yako alifia Mahiwa, basi alibeba mizigo kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka Upareni. Hilo linabadilisha sura yako nzima. Huandiki habari ya kijana aliyekumbwa na msafara uliopita. Unaandika habari ya kijana aliyezuiwa humo.

Sasa tuyatazame mashambulizi yenyewe. Februari 1916 Waingereza walijaribu kukitwaa kilima cha Salaita, upande wa Taveta, wakarudishwa vibaya. Siku chache baadaye Smuts alifika Mombasa kushika uongozi. Mapema Machi alianza kusukuma akiwa na wapiganaji zaidi ya 20,000, wengi wao kutoka Afrika Kusini na India, na wengine wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maofisa Waingereza). Katika uwanda wa Kilimanjaro Lettow alikuwa na watu kama 4,000. Vita vya Latema na Reata vilipiganwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi. Moshi ikatwaliwa siku mbili hivi baadaye, na Kahe ikafuata tarehe 21. Kisha masika yakamwagika na kila kitu kikakwama kwenye matope. Van Deventer alipelekwa Kondoa Irangi, akaingia Aprili, na Mei Lettow akamvamia pale akashindwa kumtoa. Mjukuu akikuambia “hata mara moja”, mwambie asome habari za Kondoa.

Kwenu walipita katika nusu ya pili ya Mei, wakifuata mto Pangani na reli ya Usambara huku milima ya Upare ikiwa ubavuni mwao, na tarehe 31 Mei walikuwa Bwiko. Juni wakawa Handeni na Lukigura, wakasimama hapo wakiugua na kungoja chakula. Dodoma ilichukuliwa mwishoni mwa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam ikasalimu amri tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 mwezi huohuo. Ukitazama ramani tu, ni ushindi wa kupigiwa ngoma: bandari zote, reli zote mbili na miji yote mikubwa, ndani ya miezi saba.

Lakini mtu anayeandika historia ya mashambulizi hatakiwi kuanza na ramani ya mwisho. Aanze na swali: siku ya kwanza, kamanda alisema anataka nini? Smuts hakutaka reli tu. Alitaka kulizunguka jeshi la Lettow, alifungie njia na kulimaliza. Kila hatua yake ilipangwa hivyo, kikosi kimoja kiwashughulishe adui usoni na kingine kipite kando kikate njia ya nyuma. Pale Kilimanjaro, Jenerali Stewart alitumwa kutoka Longido na watu kama 4,000 azunguke mlima upande wa magharibi, atokee nyuma ya Moshi na kuikata reli. Alichelewa. Alipofika, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mtu ameshatoka. Stewart akaondolewa, lakini jambo lenyewe likajirudia milima ya Nguru, likajirudia Morogoro, likajirudia Kisaki. Mtego unafungwa, ndani hamna kitu.

Kwa nini? Wengi hujibu kwa kumsifu Lettow kama mchawi wa vita. Alikuwa hodari, sikatai. Ila jibu kubwa zaidi limo katika posho, na hapa ndipo hadithi ya babu yako inapoingia katikati badala ya kukaa pembeni kama pambo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mpagazi abebe kilo 25. Ale kilo moja ya unga kwa siku, nayo ni posho ya kutosha njaa tu. Kama askari wa mbele wako mwendo wa siku 10 kutoka mwisho wa reli, mpagazi huyo atakula kilo 10 kwenda na kilo 10 kurudi. Kinachofika ni kilo 5. Safari yake ya siku 20 imemlisha askari mmoja siku 5, kwa hiyo kila askari anahitaji wapagazi wanne walio njiani wakati wote, bado hujahesabu risasi, dawa wala mahema. Sogeza mstari wa mbele uwe mwendo wa siku 12, na kilichofika ni kilo moja. Kadiri Smuts alivyokimbiza, ndivyo alivyojinyima chakula. Lettow alikuwa akirudi nyuma kuelekea kwenye maghala yake na mashamba ya wenyeji, anakula na kubeba, na kinachobaki anakichoma pamoja na madaraja ya reli.

Utauliza, wanyama wa mizigo je? Mbung'o waliwamaliza. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa maelfu, na njia nzima ikanuka. Magari yalizama kwenye udongo mweusi. Wapiganaji nao walianguka kwa malaria na kuhara damu: kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135, na kufikia Oktoba waliokuwa wazima wa kupigana walikuwa 116, bila kupigana vita vya maana. Mwishoni mwa mwaka zaidi ya Waafrika Kusini 12,000 walirudishwa kwao. Yote yalipokwisha kudondoka, kilichobaki kusimama ni bega la mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mashambulizi ya 1916, ukiniuliza niiweke kwenye sentensi mbili, ni hii. Smuts alifaulu kuchukua nchi, jambo lililowanyima Wajerumani bandari, reli na serikali. Alishindwa kulivunja jeshi, nalo ndilo lengo alilojiwekea mwenyewe, na kwa kulikosa aliwaachia wengine miezi 22 ya vita ambavyo yeye alifika London akivisema kama kazi iliyobaki kumaliziwa tu.

Na Lettow? Mpime kwa kipimo hichohicho. Lengo lake lilikuwa kuwashughulisha Waingereza huku ili wasipeleke watu na silaha Ulaya. Kwa sehemu alifaulu. Meli, magari na fedha vilimiminika huku. Lakini usikubali hesabu ya kwamba kila askari aliyemfukuza angekuwa Ufaransa. Mwishoni mwa vita wapiganaji wengi walikuwa wa KAR, waliozidi 30,000, na Uingereza haikuwa ikipeleka askari Waafrika kupigana Ulaya. Huko hawangekwenda. Naye akapoteza koloni lote alilotumwa kulilinda, hata kama gavana wake Heinrich Schnee aliendelea kutembea naye porini kama mkuu wa nchi asiye na nchi.

Mahiwa nitakaa kidogo, kwa sababu yako ya kifamilia na kwa sababu inafundisha kuliko vita vyote vya kampeni ile. Waingereza, wengi wao askari wa Nigeria na KAR, waliingia wakiwa karibu 5,000, wakapoteza kama 2,700. Lettow alipoteza mia tano na ushei. Ukihesabu maiti na majeruhi, Lettow kashinda, na vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini aliowapoteza hakuwa na pa kuwapatia badala yao, na risasi za bunduki zake za kisasa zilikwisha karibu zote katika siku zile nne. Wiki tano baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na Wajerumani 300 hivi na askari Waafrika 1,700 hivi, akawaacha nyuma wagonjwa na majeruhi. Kikosi chake kingine chini ya Tafel kilijisalimisha siku tatu baadaye kwa njaa. Sasa sema, nani alishinda Mahiwa? Mimi husema Lettow alishinda mapigano na yakamtoa nchini. Ukiandika hivyo hakuna mjukuu atakayekupindua, maana umempa pande zote mbili pamoja na tarehe.

Na hiyo habari ya “hakushindwa”: alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Alifanya hivyo kwa sababu Ujerumani ilikuwa imeshasimamisha vita wiki mbili nyuma. Ni kweli hakukamatwa. Kutokukamatwa na kushinda ni maneno mawili.

Kuna kipimo cha tatu ambacho majenerali wote wawili hawakukiweka mezani, nacho ni nani alilipa. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vyote, wengi kwa nguvu. Waliokufa, kwa hesabu zao wenyewe, wanakaribia 100,000, na wachache mno kati yao walikufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na unga mbovu usioiva vizuri. Upande wa Kenya mshahara ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na wengi waliokufa ndugu zao hawakupata hata hizo. Wajerumani nao walibebesha watu, tena bila kuacha orodha za maana. Ugogo, ambako majeshi yote yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana, njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 inakadiriwa kuua watu 30,000, kama mmoja katika kila watano. Sura yako ikitaja Dodoma “ilitwaliwa Julai” bila kutaja Mtunya, itakuwa imeandika nusu ya matokeo.

Nije kwenye kazi yenyewe. Vyanzo vyako ni vya aina tatu, na kila kimoja kina uongo wake. Cha kwanza ni shajara za vikosi, zile ambazo ofisa aliandika kila siku: saa, mahali, mvua, wangapi wagonjwa. Za Waingereza ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika majalada ya WO 95. Uzuri wake ni kwamba aliyeandika hakujua kesho itakuwaje. Ubaya wake, babu yako humo ni namba: “wapagazi 400 wamefika, 30 wametoroka.” Cha pili ni vitabu vilivyotungwa baadaye. Lettow alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920, kwa Wajerumani waliokuwa na kiu ya shujaa baada ya kushindwa Ulaya. Soma ukikumbuka wasomaji wake. Historia rasmi ya Waingereza ilitoka mwaka 1941 juzuu ya kwanza tu, inaishia Septemba 1916, na juzuu ya pili haikuchapishwa. Kwa hiyo Mahiwa haimo. Cha tatu ni masimulizi ya wazee wako, ambayo ndiyo pekee yanayomjua mdogo wa babu kwa jina.

Watu hunishauri niyapange kwa ngazi, shajara juu na simulizi chini. Sikubaliani. Ofisa anajua tarehe na hajui jina la mto. Bibi anajua mto na hajui tarehe. Waweke ubavu kwa ubavu. Gawa ukurasa wa daftari katikati: kushoto andika kilichosemwa na nani aliyekisema na lini, kulia andika kinachokubaliana nacho au kukikataa kutoka chanzo kingine. Kisichokubaliana usikifute. Kiache kama kilivyo, uandike “hapa wazee na shajara wanatofautiana”.

Nikutahadharishe mitego miwili niliyowahi kunasa mimi mwenyewe. Wa kwanza ni majina. Ripoti ikisema “Ruvu”, usikimbilie Pwani. Mto Pangani katika sehemu yake ya juu nao huitwa Ruvu, na nilipokuwa kijana nilipoteza wiki nzima nikikipeleka kikosi cha Kahe hadi karibu na Bagamoyo kwenye ramani yangu. Wa pili ni neno “hasara”. Katika ripoti za kijeshi linajumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na wasiojulikana walipo, wala si waliokufa peke yao. Zile 2,700 za Mahiwa si makaburi 2,700. Na mara nyingi wapagazi hawamo kabisa katika hesabu hiyo, kana kwamba mzigo ulitembea wenyewe.

Hilo linanifikisha kwenye jambo gumu kidogo. Huenda usilipate jina la babu mdogo popote. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, lakini wapagazi wengi hawakuandikwa jina kwenye kaburi wala ukutani, na mwaka 2021 ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wenzao. Ukikosa jina lake, usichukulie kwamba wazee walikudanganya. Na “alifia Mahiwa” inaweza kuwa kweli kabisa, au inaweza kuwa Mahiwa ndilo jina kubwa lililosikika nyumbani kutoka kusini, wakamlaza hapo kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kumlaza. Andika “wazee wanasema”, inatosha na ina heshima yake.

Mambo matatu usiyafanye peke yako. Ukikuta nyaraka za Kijerumani zenye mwandiko wa kale, usibahatishe kwa programu ya tafsiri ya simu; nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uulize watumishi wa chumba cha kusomea ni nani anayeusoma mwandiko ule. Nenda na barua ya utambulisho, penseli na subira. Ukioneshwa mahali panapodhaniwa kuwa makaburi, usichimbe wala usiruhusu vijana wachimbe. Waite watu wa Mambo ya Kale au wa Makumbusho ya Taifa. Na mkulima akikuonesha chuma kinachofanana na kombora, hata kama kina kutu ya miaka mia, msikiguse, piga simu polisi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki hii nenda kwa shangazi au mzee yeyote aliyebaki ambaye alimsikia babu yako akisimulia kwa mdomo wake, uweke simu irekodi. Usimuulize “ilikuwa mwaka gani”, atakupa mwaka wa kwenye kitabu cha shule. Muulize siku wale vijana wawili walipoondoka mahindi ya masika yalikuwa na kimo gani shambani. Akisema yalikuwa yamebeba, au yalikuwa bado hayajabeba, utaiweka hiyo upande wa kushoto wa daftari, na upande wa kulia utaandika: Bwiko, 31 Mei.